Asteria na Maji Mengi

Simu ya kazi niliikabidhi Jumatatu, pamoja na tochi na buti za mpira. Siku chache baadaye mvua ilipiga bati nikiwa nimejilaza baada ya chakula cha mchana. Nikanyoosha mkono kuitafuta simu, sikuikuta, nikageukia upande wa pili nikalala. Nilipoamka mvua ilikuwa imekatika na hakuna aliyekuwa amenihitaji. Sikumbuki mara ya mwisho kupata usingizi mtamu namna ile mvua ikinyesha.

Watu wanaona kichekesho mtu wa miaka arobaini na saba kusema amestaafu. Ninyi wawili mliopokea kazi yangu mlicheka pia, nikawaona. Lakini kazi ya kukaa na watu waliokumbwa na mafuriko haihesabiwi kama kazi ya benki. Inahesabiwa kwa masika, na mimi masika yangu yametosha. Mmeniomba niwaandikie ninachokijua. Nitaanzia mwanzo, na mtanivumilia nikipotea njia kidogo. Kupotea njia nimekuzoea.

Mimi ni mtu wa Nachingwea. Nilimaliza kidato cha nne, nikaanza kutangatanga: korosho Tandahimba, mbao Tunduru, kibanda cha kunyoa nywele Lindi mjini. Kila mahali nilipoishi nimepapenda baada ya kuondoka. Ilala nilifika nikikusudia kukaa mwezi mmoja, kumsalimia mjomba, halafu nipande kwenda Morogoro. Morogoro sijafika mpaka leo, labda mwezi ujao.

Kanisani kwetu niliingia kwa sababu ya spika. Mnalijua jengo: stoo ya zamani, upande mmoja duka la mabeseni, upande wa pili mashine ya kukoboa mahindi, na ukitembea kidogo tu unaangukia kwenye mitumba ya Mchikichini. Spika ilikuwa inakoroma kila mahubiri yanaponoga, kelele zinafika barabarani. Nikaingia nikaitengeneza. Mchungaji Ndimbo akaniuliza kama nimeokoka. Nikamwambia bado nafikiria.

"Basi fikiria huku unafagia," akasema, akanipa ufagio.

Ndivyo nilivyoajiriwa. Hakuna barua.

Mafuriko yangu ya kwanza yalikuja asubuhi. Mto Msimbazi ulipanda bondeni, watu wa Jangwani wakakimbilia kwenye shule iliyo juu kidogo, na Mchungaji akanituma huko na Biblia. Nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye dawati anatetemeka. Nikamwekea mkono kichwani nikaanza kuomba kwa sauti, kama nilivyoona wengine wakifanya. Nilikuwa ndiyo kwanza napata moto nikasikia mtu ananivuta shati. Alikuwa Mama Mchungaji, mke wa Mchungaji Ndimbo, mwanamke mfupi ambaye hajawahi kunyanyua sauti na hajawahi kurudia jambo.

"Mtumishi, huyu baba ameloa. Mbadilishe nguo kwanza."

"Halafu?"

"Halafu mpe uji."

"Halafu ndiyo nimwombee?"

"Halafu nyamaza."

Nimefanya kozi mbili za uchungaji tangu siku ile, na vyeti ninavyo. Sijapata somo refu kuliko hilo. Kwa hiyo vifaa vyenu vya kwanza ni hivi: kanga kavu ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko umefungwa fundo, chupa kubwa ya uji, buti, tochi. Biblia bebeni, lakini nayo ifungeni plastiki, maana ikilowa hufura kama mkate na hairudi hali yake. Mpate pia rafiki mwenye maturubai. Mimi nilikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Mchafukoge, Mhindu, mzee wa miraba minne, ambaye kila mafuriko alishusha maturubai mwenyewe pale shuleni bila kuuliza nani Mwislamu nani Mkristo. Siku moja nilitaka kumwombea hadharani kumshukuru. Akaniambia, "Omba, baba, omba. Lakini kwanza funga kamba hii upande ule."

Mnapoingia kazini mjue pia kwamba mvua zimebadilika tabia. Wenyeji wa Ilala walinipokea wakisema masika yana mwanzo na mwisho, mtu unapanga hata harusi. Siku hizi mvua inakuja mwezi wowote inaoutaka, inamwaga kwa asubuhi moja maji ya wiki nzima, inaondoka. Watu wa bondeni wamebaki wakitazama juu. Wingu likikusanyika tu upande wa Pugu, simu inaanza kulia. "Mtumishi, umeliona lile wingu?" Hawahitaji kitu. Wanataka kuwe na mtu mwingine aliyeliona. Jibuni, "Nimeliona." Wengi hukata simu hapohapo, wameridhika.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Nitawaeleza moja, kwa sababu ndiyo iliyoniruhusu kuondoka.

Asteria alitoka Mbinga, kama watu wengi wa kusini waliojaa Ilala. Yeye na mumewe Beda walipanga chumba bondeni, yeye akiuza viatu vya mitumba Mchikichini na jioni akishona nguo za watoto. Mwaka mmoja maji yalimchukua Beda. Asteria tulimkuta shuleni peke yake, amejifunga pazia la watu. Mama Mchungaji akamvisha kanga. Baada ya mazishi kule Mbinga alirudi mjini, akapanga mahali pa juu, akaendelea na viatu vyake, na Jumapili ya kwanza tukamwona benchi la nyuma.

Alikuwa Mkatoliki. Kanisani kwetu, kama mjuavyo, mtu hali meza ya Bwana kabla hajabatizwa kwa maji mengi, yaani kuzamishwa mwili mzima. Aliyemweleza hilo ni Elibariki, kiongozi wa maombezi, ambaye siku za kazi anauza kava za simu Kariakoo. Ni mtu mwema, ila sauti yake haijui kupungua, kwa hiyo mazungumzo yao tuliyasikia wote.

"Mimi nilishabatizwa, kaka. Kwetu, nikiwa mchanga."

"Ulinyunyiziwa, dada. Hukubatizwa."

"Padri alisema nimebatizwa."

"Kwa maji kiasi gani?"

"Nilikuwa na wiki mbili. Sikuyapima."

Mimi nilimvuta pembeni, nikamshauri arudi kwenye kanisa lake la zamani, angekaribishwa mezani wiki hiyohiyo. Akakataa. "Kule nilibatizwa sijui kitu," akasema. "Hapa ndipo nilipopewa kanga kavu. Nataka nibatizwe nikijua." Akaandikishwa darasa la ubatizo.

Kisima chetu cha ubatizo kiko chini ya madhabahu. Zamani tulikuwa tunabatiza baharini, lakini Jumapili ufukwe umejaa waogeleaji, wakawa wanatupigia makofi kila mtu anapoibuka, na Mchungaji akachoka kushangiliwa kama mpira. Akajenga kisima cha zege, akakifunika kwa mbao, na juu ya mbao hizo ndipo kwaya inaposimama. Siku ya ubatizo kwaya inahamishwa, mbao zinainuliwa, maji yanaonekana.

Jumapili ile mbao ziliinuliwa, Asteria akayaona maji, akatoka nje mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni.

Basi watu wakaanza kuunganisha mambo. Mmoja akasema mvua ikipiga bati Asteria hupanda juu ya benchi. Jirani yake akasema haogi kwa kujimwagia, anajifuta kwa kitambaa. Nyinyi mmekulia Dar, mnajua ilikoelekea. Mtu anayekimbia maji, na zaidi maji ya ubatizo, hana jina lingine mjini hapa. Elibariki akatangaza kwamba dada ana pepo la maji, nalo linaogopa kisima kwa sababu linajua litafia humo. Ukiisikiliza haraka, hoja ilikuwa imekaa vizuri.

Wakamwombea. Walianza mchana, wamemzunguka, wanakemea kwa zamu, "Toka! Mwachie dada!" Asteria amesimama katikati kama mtu anayesubiri nauli ishuke. Mwishowe, jua likielekea kuzama, akaanguka. Vigelegele vikapigwa mpaka mwenye mashine ya kukoboa akaja kuchungulia. Elibariki akatangaza ushindi.

Jumapili iliyofuata, katikati ya sadaka, mvua ikapiga bati. Asteria akapanda juu ya benchi, viatu mkononi. Elibariki alimtazama kama fundi anayeona bomba alilotengeneza jana linavuja. Nyuma kule mtu akacheka. Asteria akashuka, akaenda zake, na wiki zikapita hatukumwona.

Nikamfuata Mchikichini. Alikuwa ameketi nyuma ya lundo la viatu, anatafutia kila kimoja mwenzake.

"Bwana asifiwe, dada."

"Amen, Mtumishi. Shika kiatu chochote mkononi, tafadhali. Ukisimama hivyo unafanana na askari wa jiji, wateja wananikimbia."

Nikashika kiatu. Nikamwambia tumemkumbuka. Akasema ahsante. Nikamwambia kwamba watu wanasema siku ile ya maombezi alianguka vizuri kabisa, sasa nini kimetokea.

"Nilianguka, ndiyo."

"Ulisikia nini ulipoanguka?"

"Njaa." Akafunga kamba za viatu viwili pamoja. "Wale watu walikemea tangu mchana, Mtumishi. Koo zimewakauka. Yule mama mnene wa kwaya jasho linamtoka mpaka nikaogopa presha yake. Nikawaonea huruma. Nikasema moyoni, ngoja nianguke, waende wakale."

Nilicheka mpaka jirani yake mwenye meza ya mikanda akauliza kulikoni. Asteria hakucheka. Alisubiri nimalize.

"Sina pepo. Pepo lingekuwa na aibu, lingeshatoka kwa zile kelele. Naogopa tu. Nikiona maji yametulia mahali, naona yananingoja. Lakini ile meza naitaka. Kila mwezi trei ya mkate ikija naipokea napitisha, kama mhudumu kwenye harusi ya watu. Sitaki kufa napitisha trei."

Ubatizo uliofuata ulikuwa umepangwa wiki sita mbele. Nikamwambia Alhamisi nitakuwa nasugua kisima, ni kikavu, hakina hata tone, aje akione tu kilivyo. Akasema ataona kama viatu vitamruhusu.

Alikuja. Alisimama kwanza mlangoni, halafu akasogea benchi la mbele, halafu akaja ukingoni akainama. Mimi nilikuwa chini na brashi na sabuni ya unga.

"Kumbe ndiyo haka?" akasema. "Mimi kichwani nilikuwa na bwawa la Mtera."

"Ndiyo haka."

"Na unavyosugua, utafikiri unakipapasa. Hebu toka."

Akavua viatu, akashuka zile ngazi nne, akaninyang'anya brashi. Nikapanda nikakaa ukingoni, miguu ikining'inia ndani. Kwa muda alisugua tu. Halafu, akiwa ameinamia kona na hanitazami, akanieleza asubuhi ile.

Maji yaliingia kupitia mlangoni na dirishani kwa pamoja. Beda alimsukuma juu ya ukuta mpaka akashika bati, halafu naye akapanda. Walikuwa wameshakaa juu, salama wote wawili, wanatweta. Ndipo Asteria akapiga kelele, "Beda, cherehani!" Beda akamtazama, akasema, "Aste, na wewe bwana," kwa sauti ya mtu aliyetumwa dukani wakati anataka kulala. Akashuka. Asteria alikaa juu ya bati mpaka jioni akiyatazama maji. Hayakupungua hata kidogo.

"Sasa niambie, Mtumishi. Mchungaji alihubiri, Jumapili yangu ya kwanza hapa, kwamba yale maji yalikuwa fimbo ya Mungu kwa dhambi za bondeni. Mimi nilikuwepo, nimevaa kanga ya mkewe. Kama ilikuwa fimbo, basi Mungu alikuwa ameinyanyua, Beda ameshaikwepa, mimi nikamrudisha chini yake. Na leo mnaniambia nijilaze chali, nifumbe macho, niwe mikononi mwa huyohuyo."

Miezi yote ile tulikuwa tunabishana kuhusu maji. Yeye alikuwa anauliza kuhusu mikono.

Kozini tulifundishwa jibu la swali kama hilo. Lilikuwa na maneno "makusudi ya Mungu" ndani yake, na nilikuwa nimelitumia kwa watu wengi bondeni, wakanishukuru kwa adabu. Siku ile halikutoka.

"Sijui," nikasema. "Ila cherehani uliita wewe. Mvua hukuiita."

Akafikiri. "Mwulize Mchungaji," akasema, akaendelea kusugua.

Kwa hiyo kazi ikagawanyika sehemu mbili. Ya maji ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Alhamisi iliyofuata nilimpa mpira wa maji na kumwonyesha koki, nikaenda kukaa mbali. Akaifungua, maji yakafunika vidole vyake, akaifunga. Akaifungua tena, akaifunga. Alicheza na ile koki asubuhi nzima. Maji yaliyomkuta bondeni hayakuwa na koki. Alhamisi ya tatu yalimfika magotini. Ya nne kiunoni, akatetemeka sana, akatoka, akakaa juani nje pale karibu na mabeseni, akala mihogo, akarudi ndani. Mimi sikufanya lolote ila kuwepo. Mjifunze kuwepo bila kushika kitu mkononi, ni kazi inayochosha.

Ya mikono ilikuwa ngumu. Nilimpelekea Mchungaji lile swali jikoni kwake, Mama Mchungaji akichambua mchele. Mchungaji Ndimbo ni mtu mkubwa wa mwili, mkarimu, ila akibanwa hupanda kama maziwa.

"Mimi ndiye niliyesema fimbo?"

"Wewe, Baba," akasema Mama Mchungaji bila kuinua macho. "Na ulirudia mara mbili, ili waandike."

"Watu walitaka maelezo! Kanisa limejaa watu wamepoteza kila kitu, wananitazama. Ningewaambia nini?"

"Ungewaambia mvua ilikuwa kubwa, mto umejaa mchanga, mitaro imeziba, na watu hawana pengine pa kupanga."

"Hayo si mahubiri."

"Si mahubiri. Lakini ni kweli."

Mchungaji akaondoka mezani. Wiki ile hakuongea na mtu. Nilipopita nje ya ofisi yake nilimsikia akifunua kurasa, akikohoa, akifunua tena. Nilianza kuogopa. Kama angekuja na fimbo ileile, imenolewa vizuri zaidi kwa maandiko, Asteria asingerudi, na safari hii nisingekuwa na sababu ya kumfuata sokoni.

Siku ya tano akaniita. "Twende kwenye viatu," akasema.

Mchikichini tukamkuta Asteria na wateja. Akawamaliza kwanza. Kisha akampa Mchungaji kigoda, kile kidogo cha kujaribia viatu, na Mchungaji akakikalia, magoti yakamfika kifuani. Hakuzungusha maneno.

"Asteria, binti yangu, nilimsingizia Mungu."

Asteria akaendelea kupanga viatu. "Kwa hiyo hakuyaleta yeye?"

"Sikuwa nimetumwa kusema aliyaleta. Nilikuwa naogopa kama ninyi, na nikiogopa natafuta mwenye kosa. Nimesoma tena. Fimbo ya maji aliwahi kuishika wakati wa Nuhu, hilo siwezi kulificha. Lakini baada ya pale aliapa asirudie. Mimi nikasimama madhabahuni nikasema amerudia. Yaani nilisema ameapa uongo."

"Kwa hiyo ya Msimbazi si yake."

"Si yake. Kwingine kote nilikomkuta watu wanazama, nilimkuta ndani ya maji, ananyoosha mkono."

"Hakumnyooshea Beda."

Mchungaji akajigeuza kwenye kigoda. Meza ya jirani mtu alikuwa anabishania mkanda. "Hilo sina jibu lake," akasema. "Nikikupa, nitakuwa namsingizia tena."

Asteria akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa chenji kamili. "Na cherehani?"

"Beda alishuka kwa sababu alikupenda, na hakujua mto umefikia wapi. Na wewe hukujua. Basi. Hakuna kitu kingine kimejificha chini yake."

Asteria alikuwa ameshika kiatu kimoja cha mtoto. Alikishika muda mrefu, akakifuta vumbi ambalo halikuwepo, machozi yakimdondoka bila sauti. Hatukumwekea mkono kichwani. Mwenye mikanda alimletea maji ya kunywa kwenye kikombe, akanywa yote.

"Ila chali sitaki," akasema baadaye, akijifuta kwa upande wa kanga. "Nikilala chali sioni."

"Tumezamisha chali tangu kanisa lianze, Asteria."

"Imeandikwa?"

Mchungaji akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu.

"Nitaangalia," akasema.

"Haya. Mchungaji, unavaa namba ngapi? Hivyo ulivyovaa vimekufa."

Jumapili ya ubatizo, kabla mbao hazijainuliwa, Mchungaji alisimama akasema mbele ya watu wote yale aliyomwambia Asteria kuhusu fimbo na kiapo. Aliyasema kwa kifupi, na hakurudia. Wapo walionung'unika, kwa sababu fimbo walikuwa wameshaizoea. Mzee mmoja wa Jangwani alivua kofia yake akaishika mapajani mpaka ibada ilipoisha. Halafu Mchungaji akaongeza, "Nimetafuta chali vilevile. Sikuiona. Kuanzia leo mtu atazama anavyoweza."

Asteria aliomba awe wa mwisho. Wengine walizamishwa, wakatoka wakipigiwa vigelegele. Zamu yake ilipofika alisimama kwenye ngazi ya kwanza muda mrefu. Elibariki alikuwa ukingoni na kanga kavu mikononi. Nilikuwa nimemwomba asikemee chochote, akatii, ila midomo ilikuwa inamcheza. Asteria akashuka ya pili. Ya tatu. Ya nne. Maji yakamfika kiunoni, akapiga magoti, yakamfika mabegani. Alikuwa amewageukia watu, macho wazi.

Mchungaji hakumshika. Alinyoosha mkono wake ndani ya maji, kiganja juu, akangoja. Nilikuwa naisikia feni.

Asteria akauweka mkono wake juu ya ule mkono. Akavuta pumzi, akainama mbele, akaingia mwenyewe. Kichwa kilipotea chote, na kanga yake ikatanda juu ya maji. Hakuharakisha. Alikaa chini kiasi cha kunifanya niinuke, halafu akaibuka, akapenga, akafuta macho.

"Haleluya!" Elibariki ikamtoka, na hakuna aliyemlaumu. Kanisa likalipuka, wamama wakapiga vigelegele, kwaya ikaanza kuimba.

Lakini Asteria hakutoka. Alibaki amesimama katikati ya kisima, Mchungaji naye humohumo suruali imemlowa, watu wakiimba. Nikainama kumuuliza kama anajisikia vibaya.

"Haya maji huwa mnayatoaje?"

Nikamwonyesha mnyororo wa kizibo pale pembeni. Nikamwambia huwa tunayaacha mpaka jioni, Mama Mchungaji anayatumia kudekia.

"Leo nataka niyaone yakienda."

Nikamtazama Mama Mchungaji. Akanionyesha kwa kidevu: mwache.

Asteria akauvuta mnyororo. Mwanzoni hapakuonekana mabadiliko. Kwaya ikamaliza wimbo, ikaanza wa pili, ikaumaliza, kisha ikaishiwa. Watu wakaketi. Tukabaki tunasikia maji yakigugumia kwenye bomba kuelekea mtaroni, na Asteria ameyainamia, anayasindikiza kwa macho. Yakashuka kutoka kiunoni. Yakashuka mapajani. Yalipofika chini ya magoti Asteria alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, na nikagundua kwamba na mimi nilikuwa nimezuia ya kwangu, labda tangu masika yangu ya kwanza. Watoto walitoka kwenye mabenchi wakaja kuchungulia, na hakuna mkubwa aliyewafukuza. Hakutoka mpaka sakafu ilipoonekana, na maji ya mwisho yakazunguka kwenye tundu yakaingia.

Ndipo akapanda ngazi. Elibariki akamfunika kanga mabegani, kwa uangalifu, akarudi nyuma.

"Meza bado ipo?" Asteria akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama duka limefungwa.

"Ipo," akasema Mchungaji.

Akaenda benchi lake la nyuma, akaacha alama za nyayo zilizolowa njia nzima. Trei ilipomfikia, akachukua, akala. Halafu akaipitisha.